Je, Kukagua Msingi ni Kumshuku Fundi?

Swali hili huulizwa na watu wanaojenga, nao huliuliza kwa aibu kidogo. Mtu amemwita mwashi. Labda ni shemeji yake, labda ni Mkristu mwenzake wa parokia moja. Mtaro wa msingi umechimbwa, mawe yamepangwa, vyuma vimefungwa, na kesho asubuhi betoni itamwagwa. Je, mwenye nyumba ashuke mtaroni na kamba yake apime? Au akae mbali, asije akamvunjia fundi heshima? Wengi hukaa mbali. Husema: «Kumkagua ndugu ni kumwita mwizi.»

Neno hilo lina kweli ndani yake, lina na uongo. Kweli yake ni hii: amri ya nane yatukataza kumhukumu jirani ovyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba tukiwa na mashaka juu ya mtu, wala hatuna ushahidi ulio wazi, yatupasa kuyaelekeza mashaka yale upande wa wema. Lakini mwalimu huyohuyo alionyesha tofauti ambayo watu huisahau: kumhukumu mtu ni jambo moja, kupima kitu ni jambo jingine. Kitu hakina heshima ya kuvunjwa. Mtaro haulii ukiambiwa kwamba haukufika chini. Juu ya vitu yatupasa kusema vile vilivyo, basi.

Fundi ni mtu, mtaro ni kitu. Mwenye nyumba amtazame fundi kwa jicho la upendo, na mtaro autazame kwa jicho kali. Macho hayo mawili hayagombani.

Na jicho kali litazame nini? Kwanza udongo wenyewe. Ule mweusi wa juu, wenye mizizi na majani, uwe umeondolewa wote, kwa kuwa mizizi huoza na kuacha mashimo, na sakafu hubaki imelala juu ya hewa. Katika Katanga, nchi ya vichuguu, aulize kama mchwa wamefukuliwa mpaka kwa malkia wao, ama kichuguu kilisawazishwa tu kwa jembe. Kifusi kiwe kimeshindiliwa tabaka kwa tabaka, si kumwagwa chote kwa mara moja na kukanyagwa juujuu. Maji ya mvua yaliyotuama yatolewe. Vyuma visilale chini. Viinuliwe juu ya vijiwe, ili betoni ivizunguke pande zote, maana chuma kinachogusa udongo hushika kutu, na kutu huvimba na kuipasua betoni toka ndani. Bomba la maji machafu liwe mahali pake, lenye mteremko. Mwisho pembe: toka konani apime metri 3 ukuta huu na metri 4 ukuta ule, na kamba kati ya alama mbili isome metri 5 barabara. Mtoto wa shule aweza kazi hiyo. Yote ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini asubuhi ile haina ya pili. Betoni huanza kushika baada ya saa chache. Kabla yake, kosa hugharimu jembe na jasho la siku. Baada yake, hugharimu nyundo na patasi, ama watu hunyamaza. Hapo Tomaso anatufaa tena. Alifundisha kwamba kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza. Lakini kasoro iliyofichika na yenye hatari, kama ile ya nyumba iliyo karibu kuanguka, yampasa kuisema. Nayo betoni hugeuza kila kosa kuwa kosa la siri. Ndiyo sababu sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji waliifuata, ilimfunga mjenzi kwa miaka 10, hata kama kosa ni la udongo.

Hata Roma mambo hayo yalitokea. Mwaka 1637 Papa Urbano wa 8 alimwagiza Bernini, msanii mkubwa, ajenge minara ya kengele juu ya uso wa kanisa la Mtakatifu Petro. Msingi ulikuwa umekwisha kuwekwa zamani na Maderno, na ardhi ya upande ule ilikuwa na maji. Mnara wa kwanza ulipopanda, nyufa zikatokea ukutani, na mwaka 1646 Papa Inosensi wa 10 akaamuru ubomolewe. Aibu ilimwangukia Bernini, ijapokuwa msingi haukuwa wa mikono yake.

Yuko mtu mmoja ambaye hatujamtaja bado: kijana anayebeba mchanga. Tuseme ameona kwamba mwenye nyumba alinunua vyuma 8, na mtaroni vimelala 6. Je, alazimika kusema? Aliyeiba si yeye. Lakini juu ya sakafu ile watalala watoto, naye ndiye atakayemwaga karai za kuficha. Nionavyo mimi, yampasa kusema: kwanza na fundi faraghani, kama Injili inavyotufundisha, halafu na mwenye nyumba, kabla betoni haijamwagwa. Najua ni neno gumu kwa mtu anayelipwa kwa siku. Akisema leo, kesho hana kazi, na fundi wengine watasikia habari zake.

Kwa hiyo sikubali kwamba mwenye nyumba anayekaa mbali anaonyesha upendo. Amemtwisha mzigo wake yule aliye mdogo kuliko wote kazini. Kama angalikuja asubuhi, akahesabu vyuma mbele ya wote na kuuliza wote, kijana asingalihitaji kuwa shujaa. Angalijibu swali tu, na kujibu swali si kumsaliti mtu. Na fundi mwaminifu hapotezi kitu. Fundi wa namna hiyo huita mwenyewe: «Njoo uone, kabla sijafunika.» Miaka ikipita na ufa ukionekana ukutani, majirani watauliza nani alijenga, naye atakuwa na shahidi mmoja aliyeingia mtaroni akaona.