Dirisha Likiganda, Nani Alipe?

Kariakoo kuna neno linalotisha watu wa kaunta kuliko "hasara". Neno lenyewe ni "shoti". Hasara ni ya mwenye duka, shoti ni ya keshia. Jioni mkifunga hesabu, kompyuta ikasema kwenye droo panatakiwa kuwe na shilingi 1,400,000, na noti zikahesabiwa mara tatu zikawa 1,200,000, basi zile laki mbili zinatafuta mtu. Na huyo mtu hatafutwi mbali.

Mimi naishi kwa kutengeneza na kurekebisha programu za kompyuta za mezani: za mauzo, za stoo, za madeni. Wateja wangu wako Gerezani, Mtaa wa Msimbazi, Buguruni, mpaka kule Ilala Boma. Watu wakisikia kazi hii wanadhani ni hesabu tupu. Lakini matatizo yake ya kawaida kabisa, yale anayokutana nayo kila anayejifunza kuandika programu, mara nyingi ni maswali ya haki. Leo nataka tulijadili moja. Dirisha la programu likiganda, na kwa sababu hiyo hesabu ikaharibika, nani anapaswa kulipa?

Kwanza tuelewane kuganda ni nini. Programu yenye madirisha na vitufe inafanya kazi kama duka lenye muuzaji mmoja na foleni moja. Kila unachofanya, ukibonyeza kitufe, ukiandika herufi, ukisogeza kipanya, kinaingia kwenye foleni. Muuzaji anahudumia kimoja kimoja, na ni yeye huyohuyo anayechora skrini unayoitazama. Mafundi humwita "uzi mkuu". Sasa chukulia mtengenezaji amempangia hivi: ukibonyeza "Hifadhi", toka mwenyewe uende stoo. Yaani huyo muuzaji aache kaunta, apeleke taarifa kwenye kompyuta nyingine kwa waya unaolegalega, asubiri jibu, ndipo arudi. Muda wote huo kaunta haina mtu. Skrini haibadiliki, kitufe hakiitikii. Windows yenyewe husubiri sekunde 5 hivi, kisha inaandika juu ya dirisha kwamba programu haiitikii.

Tatizo ni kwamba foleni haikufungwa. Keshia ana wateja sita mbele yake, mmoja anasema "dada, gari linanisubiri", naye anabonyeza tena. Na tena. Muuzaji wetu akirudi kutoka stoo anakuta maombi matatu yamempanga, na kwa kuwa ni mtiifu anayatekeleza yote. Mauzo yamefanyika mara moja, yameandikwa mara tatu.

Dawa yake inajulikana, wala si ngumu. Kazi ndefu apewe mfanyakazi mwingine, uzi mkuu ubaki kaunta. Kitufe kikibonyezwa kizimwe palepale, na skrini iseme "Subiri, inahifadhi". Kila mauzo yapewe namba yake kabla ya kutumwa, ili yakija mara ya pili yatambulike kuwa ni yaleyale. Na kuandika kuwe kwa yote au hakuna, ili umeme ukikatika katikati usiache nusu ya risiti. Anayeijua kazi anaweza kuyafanya haya kwa siku chache.

Mwisho, programu iseme kilichotokea kwa lugha ya aliyekaa mbele yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia leo kwamba Kiswahili hakiwezi. Lakini bado nakuta maduka ambako kosa linajitokeza kwa Kiingereza cha mafundi, lina namba ndefu, na chini yake kuna kitufe kimoja tu: OK. Dada wa kaunta anabonyeza OK. Amekubali nini? Hajui, na mtengenezaji alijua kwamba hatajua.

Mwaka juzi niliitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Gerezani. Programu ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, ambaye simu yake ilikuwa haipokelewi tena. Bosi alitaka niongeze kitu kimoja: ripoti ya shoti, ipangwe kwa jina la keshia, itolewe kila mwisho wa mwezi. Keshia alikuwa analipwa 250,000 na kila mwezi anakatwa 60,000.

Kabla ya kuandika ripoti nilifungua kumbukumbu za mauzo. Nikakuta jozi. Mabati 20, mteja fulani, 560,000. Sekunde 3 baadaye, mabati 20, mteja huyohuyo, 560,000. Jozi za namna hiyo zilikuwa zimetawanyika miezi yote, nyingi zikiwa saa nne na saa tano asubuhi, duka linapojaa. Nikaomba tukahesabu stoo. Mabati yalizidi. Kwa mujibu wa kompyuta yalikuwa yameshauzwa, na hayo hapo yameegemea ukuta. Shoti ilikuwa imetafutiwa mtu miezi minne mfululizo, ila ziada ya stoo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Bosi aliniambia, "Fundi, mashine haijui kuiba."

Nikamjibu, "Haijui, bosi. Ila inaandika kila ilichobonyezwa, hata kama mtu amebonyeza tena kwa sababu yenyewe ilinyamaza."

Yule dada akasema taratibu, "Kaka, mimi nilisema tangu mwanzo kwamba inaganda. Nikaambiwa niache kuibonyezabonyeza."

Maneno ya bosi si ya kijinga, ni imani ya watu wengi wenye akili zao. Mashine haina njaa, haina mgonjwa nyumbani, haina sababu ya kudanganya. Mtu anazo zote. Kwa hiyo wakipingana mashine na mtu, tunamshuku mtu. Lakini kutokuwa na sababu ya kudanganya hakumfanyi shahidi awe wa kweli. Anaweza kuwa hakuona vizuri, au kuna alichokiona na hakukisema. Kompyuta ile ilitoa ushahidi wa mauzo mawili, ikanyamaza kuhusu sekunde 3 ilizokuwa imeganda. Kila mstari wake uliandikwa kwa uaminifu, na hesabu nzima ikawa ya uongo.

Uingereza walilipa gharama kubwa kujifunza hili. Kuanzia mwaka 1999 shirika lao la Post Office lilifunga katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi hawakuweza kuueleza. Wakaambiwa walipe. Wengine waliuza mali zao, wengine walifilisika, wengine wakafungwa. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, kwa kutegemea takwimu za mfumo huo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba makosa ya Horizon yenyewe yaliweza kusababisha upungufu kwenye hesabu za matawi. Mwaka 2024 Bunge lao likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Katika makosa ya Horizon lipo moja ambalo kila fundi wa madirisha atalitambua mara moja. Oktoba 2015, kwenye mji mdogo wa Dalmellington huko Scotland, msimamizi alikuwa anathibitisha kupokea pauni 8,000. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, ikawa kimya, akabonyeza tena. Mfumo ukaandika pauni 8,000 mara nne bila kumwambia. Kwenye vitabu pauni 32,000, mkononi pauni 8,000, pengo pauni 24,000. Safari hiyo kosa liligundulika. Lakini angalia lilivyofanana na la Gerezani: ni kidole kilekile, ukimya uleule, na wa kwanza kuulizwa ni yuleyule aliyekaa mbele ya skrini.

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara hivihivi tu. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya ujira. Bosi wa Gerezani alikuwa ndani ya robo, maana robo ya 250,000 ni 62,500. Ila hapo kwenye kosa, na kwenye nafasi ya kupinga, ndipo palipokuwa na shimo.

Tena shimo lenyewe halikuchimbwa na bosi peke yake. Jiulize: keshia apinge kwa kutumia nini? Bosi anayo karatasi iliyotoka kwenye printa. Keshia anacho kinywa chake. Kama programu haikuandika popote kwamba saa 4:12 dirisha lilikaa sekunde 9 bila kuitikia na kitufe kikabonyezwa mara tatu, basi haki aliyopewa na sheria inabaki ya maandishi tu. Ndiyo maana nasema mtengenezaji wa programu si mtu wa pembeni katika ugomvi huu. Yeye ndiye aliyeamua, miezi kabla ya ugomvi, nani atakuwa na ushahidi na nani hatakuwa nao.

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowahi kupiga kambi pale. Wapagazi walibeba mizigo ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Na tunao msemo wa zamani zaidi kuhusu Mnyamwezi na mzigo mzito. Naukumbuka kila nikiona shoti inavyotembea. Kosa linazaliwa kwa mtengenezaji, linapita kwa bosi, linafika kwa mwenye sauti ndogo kuliko wote, hapo ndipo linapotuliwa. Hakuna aliyekaa akapanga dhuluma hiyo. Imetokea kwa sababu kila mmoja njiani alikuwa na nguvu ya kuusukuma mzigo mbele, isipokuwa wa mwisho.

Nimewahi kubishana na mafundi wenzangu juu ya hili, na wana hoja mbili za kweli. Ya kwanza: ukiifanya programu ikiri kwamba inaganda, umempa mwizi kichaka. Kesho kila shoti itasingiziwa mfumo. Kweli, wezi wapo, na mimi nimeshuhudia keshia akifuta risiti mteja akishatoka mlangoni. Lakini kumbukumbu nzuri haimpendelei mtu. Inayoandika kwamba dirisha liliganda ndiyo hiyohiyo itakayoandika kwamba halikuganda, na kwamba risiti ilifutwa saa 10:40 jioni na nani. Anayefaidika na giza ni mwizi kwanza.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: bei. Mteja anataka mfumo mzima kwa laki tatu, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Nani atalipia siku zangu za kuweka nyuzi mbili na namba za mauzo? Hoja hii siidharau, fundi naye ana kodi ya nyumba. Ila fundi cherehani akipewa hela ndogo hupunguza urembo, hapunguzi mshono wa kwapani. Kwenye programu kuna mengi ya kupunguza: rangi, picha, ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Kuna sehemu moja haipungui, nayo ni ile ambayo ikivunjika, atakayeumia si mimi wala aliyenilipa bali mtu wa tatu ambaye hakuwepo tunapatana bei. Keshia hakuwahi kuulizwa anataka mfumo gani. Kwa kuwa hakuwepo mezani, sisi tuliokuwepo tunamdai kidogo sana, na yeye anatudai sana.

Kwa hiyo nani alipe? Jibu langu ni kwamba wa kwanza kuulizwa awe yule aliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Mtengenezaji, kama alijua dirisha linaweza kuganda na akaliacha. Kisha mwenye duka, kama aliambiwa linaganda na akajibu "acha kubonyezabonyeza". Keshia awe wa mwisho, na si kabla hajaonyeshwa, dakika kwa dakika, alichokosea.

Bosi wa Gerezani, baada ya kuyaona mabati kwa macho yake, alimrudishia yule dada makato ya miezi minne, 240,000 mkononi. Nampa heshima yake, si wengi wangefanya hivyo. Lakini jozi kwenye kumbukumbu zilianza kabla ya miezi hiyo minne. Kabla yake kaunta ile ilikuwa na keshia mwingine, aliyeondoka kazini akiwa na shoti na jina baya la mwizi. Tulimpigia siku ileile. Namba yake haipatikani, na pale dukani hakuna anayejua alihamia wapi.