Shahidi wa Moshi

Mtu atiaye moto msitu usiku wa manane hudhani kiza kimemsitiri. Zama hizi kiza hakisitiri tena kama zamani. Je, dhambi yake yaanza pale aonekanapo?

Tuangalie yaliyopita Indonesia mwaka 2015. Huko Sumatra na Kalimantan watu walitia moto misitu na ardhi ya mboji ili kusafisha mashamba. Ukame ulikuwa mkali, moto ukaungua hata chini kwa chini, na zaidi ya hekta milioni 2 zikateketea. Moshi ukavuka bahari hadi Singapore na Malaysia. Skuli zikafungwa, na wengi wakaugua vifua.

Juu yao palikuwa na Himawari-8, setilaiti ya Wajapani, umbali wa kilomita 36,000 hivi, ikipiga picha kila dakika 10. Mchana moshi huonekana umetanda kama shuka. Usiku setilaiti hiyo hutambua joto la moto, lakini moshi mwembamba hauoni. Suomi NPP ya Wamarekani, iliyorushwa mwaka 2011, ilipewa jicho liwezalo kuuona moshi hata kwa mbalamwezi.

Basi huyu ni shahidi, na ushahidi katika dini yetu una masharti. Kwanza, haufichwi. Aliyeiona picha, akiwa mtawala au tajiri anunuaye mazao ya ardhi ile, hawezi tena kusema hakujua. Pili, shahidi hasemi asichokiona. Picha yaonyesha mahali pa moto. Haionyeshi mkono ulioutia wala nia. Asihukumiwe mkulima maskini kwa kuwa alama ya moto imeangukia shamba lake. Huenda moto umemjia kutoka kwa jirani. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu.

Mwaka 2016 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kuwa kuchoma misitu na ardhi kwa namna iletayo madhara ni haramu. Dhambi hiyo si mpya. Kudhuru watu kulikuwa haramu kabla ya setilaiti yoyote kurushwa.

Na sisi je? Jioni twachoma taka nyuma ya nyumba, moshi ukaingia dirishani kwa jirani mwenye pumu. Moto huo ni mdogo mno, setilaiti hauoni. Lakini jirani anaujua, na Mwenyezi Mungu hahitaji mbalamwezi.