Mahali Peupe Katika Ramani

Twafundisha ya kuwa uongo ni neno linenwalo kinyume cha kweli. Lakini je, kitu kisichonena neno chaweza kudanganya? Swali hili lilitujia tulipoitazama ramani ya zamani ya Labrador ya kaskazini, pwani ya baridi na ukiwa iliyoko mashariki ya Kanada. Mwaka 1931 Alexander Forbes, Mmarekani, aliipiga picha nchi ile kutoka angani kwa ndege, na ramani zake zikapigwa chapa mwaka 1938. Kazi hiyo yastahili sifa. Milima ya Torngat yaonekana kwa mistari ya kimo iliyosongamana kama ukili wa mkeka, na ghuba ndefu zaingia kati ya majabali. Penginepo ni peupe tu. Basi msomaji aliye mbali husema upesi: nchi hii haina mwenyewe.

Lakini jina Torngat ni neno la Wainuit, nalo lahusu mapepo yaliyosadikiwa kukaa huko. Kama hapakuwa na watu, nani aliipa milima jina? Hatumlaumu mchoraji, maana alipima mawe, wala hakutumwa kupima kumbukumbu za watu. Kosa ni la yule asomaye weupe wa karatasi kana kwamba ni ushuhuda.

Na kosa hilo halifanyiki katika karatasi peke yake. Katika pwani iyo hiyo Wamoravian walianzisha misioni ya Hebron karibu na mwaka 1830. Mwaka 1959 Wainuit wa hapo waliitwa kanisani, wakaambiwa ya kuwa kituo chao kitafungwa, nao watahamishwa kwenda kusini. Hawakujibu, kwa kuwa kubishana ndani ya kanisa hakukuwa desturi yao. Kimya chao kikahesabiwa kuwa ridhaa. Wahenga wetu walijua zaidi, waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wale walipelekwa mahali ambapo nyumba hazikuwatosha, na mawindo yalikuwa na wenyeji wake tayari. Serikali ya Newfoundland na Labrador iliwaomba radhi mwaka 2005, miaka 46 baadaye, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa ugenini.

Hapo tulijikumbuka wenyewe. Sisi pia twasimama mbele ya usharika baada ya ibada, twatangaza jambo la shamba au la mchango, nao wainamisha vichwa. Ni mara ngapi tumeandika katika kitabu cha baraza, "Wote wamekubali"?