Uraia wa Kuomba, na Kitabu cha Ubatizo

Walimu wa mitaa ya pwani, tangu Kilwa Kivinje hata Mchinga na Lindi, wametuuliza neno moja mara nyingi, nasi twaona vema kulijibu hapa kwa urefu, maana si neno la mtaa mmoja. Watu huwajia wakitaka cheti cha ubatizo, wapate kukionyesha kwa waandikishaji wa kitambulisho cha Taifa. Tangu mwaka 2019 mtu hawezi hata kusajili laini ya simu kwa alama za vidole pasipo namba ya kitambulisho hicho, ikiwa ni raia. Basi haja ni kubwa. Lakini kitabu cha ubatizo chasema ya kuwa baba yao, au babu yao, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Nao humwomba mwalimu kwa upole, "Andika Lindi tu, Mwalimu. Mzee amekaa hapa tangu utoto wake, nani ataumia?" Je, mwalimu aandike nini?

Swali hili laonekana jepesi, kwa kuwa kila mtoto wa kipaimara aijua amri ya kutoshuhudia uongo. Lakini hatupendi kulijibu kwa amri peke yake, kisha tukafunga kitabu na kumwacha mzee amesimama mlangoni. Yafaa kwanza tumjue ni nani, na alifikaje kwetu, na sheria yamwitaje.

Mto Ruvuma haukuwa mpaka kwa watu wanaoyanywa maji yake. Wamakonde, Wayao na Wamakua walikaa pande zote mbili, wakaoana, wakazikana, hata mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipopatana ya kuwa mto huo uwe mpaka wa nchi zao. Watu hawakuulizwa. Baadaye, zama za Wadachi na za Waingereza, wengi walivuka kuja kukata mkonge katika mashamba ya Lindi na Mikindani, wakaitwa Wamawia. Wengine wakarudi kwao, wengine wasirudi. Ndipo ikaja vita. Mwezi wa Septemba 1964 FRELIMO walianza kupigana na Wareno, na watu maelfu wakakimbilia upande huu na watoto mgongoni. Serikali iliwapa mahali pa kukaa, na mojawapo ni Rutamba, katika nchi ya Lindi. Msumbiji ilipopata uhuru wake, tarehe 25 Juni 1975, wengi walifunga mizigo wakarudi kwa shangwe. Lakini wako waliobaki. Walikuwa wamekwisha kupanda mikorosho, wala mkorosho hauchumwi mwaka uleule upandwao. Walikuwa wameoa hapa, na wengine walikuwa wamezika hapa. Mtoto aliyevuka mwaka 1964 akiwa na miaka mitano, leo ni mzee wa mvi. Kimakonde chake ni cha pwani hii, na Kiswahili chake chapita cha wengi wetu.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda kwa kuwa yamhimiza mgeni afanye kazi. Lakini yako mambo isiyoyasema: haisemi ni siku ya ngapi jembe hilo huwa lake, wala ni siku ya ngapi tuache kumwita mgeni. Mzee wetu huyu amelima kwa jembe hilo miaka zaidi ya sitini.

Sasa sheria. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, uraia ulimjia mara moja mtu aliyezaliwa katika nchi hii, ikiwa angalau mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa humu. Aliyezaliwa Lindi kwa baba na mama waliotoka ng'ambo hakuupata kwa njia hiyo, ilimpasa aandikishwe. Na wangapi, katika vibanda vya wakata mkonge, walijua habari ya kuandikishwa? Sheria inayotumika leo ni ile ya mwaka 1995. Maneno yake yaonekana kumpa uraia karibu kila azaliwaye katika nchi hii baada ya Muungano, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Lakini katika kuitumia huulizwa kwamba mzazi mmoja awe raia. Hivyo swali la mjukuu humrudia babu. Na babu, ikiwa alizaliwa ng'ambo kwa wazazi wa ng'ambo, njia aliyofunguliwa ni kuomba.

Njia hiyo huitwa tajnisi. Mwombaji awe mtu mzima. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe mtu wa kuifaa nchi, tena mwenye nia ya kukaa humu daima. Hutangaza ombi lake gazetini, ili mwenye neno juu yake aliseme. Habari zake huangaliwa katika kata, na wilaya, na mkoa, kabla hazijamfikia Waziri. Waziri naye halazimiki kutoa sababu akikubali wala akikataa, na uamuzi wake haupelekwi mahakamani. Akikubaliwa, mwombaji huukana uraia wake wa kwanza na kuapa kiapo cha utii. Ada yake si ndogo kwa mtu anayeishi kwa korosho na muhogo.

Neno tajnisi lilitoka kwa Waarabu, na asili yake ni jinsi: maana yake ni kumfanya mtu awe wa jinsi moja nanyi. Neno raia nalo lilitoka kwao, na mwanzo wake ni kundi linalochungwa. Twadhani maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Kundi huwa kundi kwa sababu lina malisho mamoja na mchungaji mmoja, ijapokuwa kondoo wana rangi mbalimbali. Bali tajnisi yaonekana kudai rangi iwe moja. Watu wengi huifahamu kwa maana hii ya pili, na ndiyo sababu wenyeji wengine hucheka na kusema, "Karatasi haiwezi kumgeuza Mmawia kuwa Mmwera." Ni kweli, haiwezi. Wala haikuombwa ifanye hivyo. Imeombwa tu imtie katika kundi, ambamo kwa kweli amekuwa siku zote, ila hakuhesabiwa.

Tena anayecheka na aangalie pwani yake mwenyewe. Habari za kale za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu, zasimulia ya kuwa Mshirazi mmoja, jina lake Ali bin Hassan, alikuja kwa jahazi akakinunua kisiwa kwa nguo, nyingi hata zikatosha kukizunguka chote. Zasimulia pia ya kuwa mwenye kisiwa wa kwanza, akiisha kuzipokea nguo zile, alikusudia kurudi na kumwua mgeni. Ndipo Mshirazi akachimba mfereji, kisiwa kikatengwa na bara. Wataalamu huishindania habari hiyo, nasi hatuishiki kwa kila neno. Lakini watu wa Kilwa waliotunga hadithi hiyo walikwisha kujua jambo moja, ya kwamba bei ikilipwa na mapatano yakifanyika, bado kuna mfereji kati ya mgeni na mwenyeji. Na Kivinje je? Wangapi katika mji ule ni wajukuu wa watu walioletwa wamefungwa kutoka upande wa Nyasa, kabla utumwa haujakomeshwa kwa sheria mwaka 1922? Hakuna awaulizaye hati, na ni vema isiwe hivyo kamwe. Ila tusisahau.

Tuje sasa kwa kukana. Mzee mmoja alituambia ya kuwa neno hili lamwogopesha kuliko ada. Ataikanaje nchi iliyo na kaburi la mama yake? Kwetu sisi Wakristo kukana ni neno zito. Twamkumbuka Petro uani penye moto. Lakini twaona ya kuwa kuna kukana kuwili. Petro alisema, simjui; alisema uongo juu ya kitu kilichokuwa kweli. Mwombaji wa uraia hasemi, sikuzaliwa kule, wala, simjui mama yangu. Asema tu, tangu leo sidai hifadhi ya serikali ile, wala siidaiwi utii. Huko ni kufunga hesabu, kama mtu ahamaye usharika achukuavyo barua yake. Lugha yake na wimbo aliofundishwa na mama yake havimo katika kiapo, wala njia ya kwenda kaburini haimo. Serikali ikidai zaidi ya hapo, yadai isichoweza kupewa.

Twamkumbuka na Ruthu. Aliiacha Moabu, akafuatana na mkwewe hata Bethlehemu, akawa mtu wa watu wale na bibi wa wafalme wao. Walakini kitabu hakikuufuta mji wake. Hata akiokota masuke katika shamba la Boazi, hata siku ile wazee walipoketi langoni kulishuhudia neno lake, bado aitwa Mmoabi. Aliyeandika hakumwandikia Bethlehemu mahali pa kuzaliwa ili apendeze. Tena wazee walioketi langoni hawakuhitaji uongo huo ili wampokee.

Hapa ndipo tunapomjibu mwalimu. Asiandike Lindi. Kitabu cha ubatizo si chake, wala si cha mzee. Ni cha wote watakaokifungua baada yetu, na kikikutwa na uongo mmoja hakuna ukurasa utakaosadikiwa, hata wa yule ambaye mambo yake yote ni kweli. Na mzee mwenyewe hapati salama. Uraia uliopatikana kwa maneno ya uongo sheria yaweza kuuondoa. Tena kijiji chote kinajua alikotoka. Siku watakapogombana juu ya mpaka wa shamba, au juu ya mbuzi aliyekula mihogo, jirani atasema, "Ngoja, nitakwenda kusema wewe ni mtu wa wapi." Tumeyasikia hayo kwa masikio yetu. Mtani aweza kukutupia neno kama hilo msibani na watu wakacheka, kwa kuwa ni utani. Lakini mwenye chuki akilisema, mtu halali usiku.

Lakini mwalimu akiisha kukataa, asiseme, nimeushika ukweli, akaenda zake kula. Maana mwenye kuandika Mueda na kunyamaza, ameandika nusu tu. Ni kweli alizaliwa Mueda. Ni kweli pia ya kuwa alibatizwa hapa mwaka fulani, akafunga ndoa hapa, watoto wake wamo katika kitabu hikihiki, mikorosho yake inajulikana kwa hesabu, na msiba haukupita kijijini pasipo yeye kubeba jembe. Mambo hayo yote yaandikwe katika barua, na majina ya mashahidi yawekwe chini. Sheria yauliza habari za tabia njema na miaka ya kukaa. Ni nani azijuaye kuliko jirani? Ombi lifikapo kata, wazee wa kanisa wasiwe watu wa kusema, "hatujui, mwulizeni mwenyewe." Na ada je? Tumekwisha kuchanga kwa ajili ya mabati na kinanda. Sioni dhambi usharika ukimchangia mzee.

Wako watakaosema ya kuwa twamwongoza mzee kwenye hatari, kwa kuwa akiisha kujitaja kuwa mgeni, na ombi likakataliwa pasipo sababu, atakuwa amejifunga mwenyewe. Hatuwezi kusema hofu hiyo ni ya bure. Twasema tu ya kuwa njia ya wazi imekwisha kuwapitisha wengi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliulizwa kama wataka kurudi au kubaki; wengi wakachagua kubaki, na mwaka 2014, baada ya kungoja kwa miaka, watu zaidi ya 162,000 wakatambulikana kuwa raia wa nchi hii. Huko Kenya, Wamakonde ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi za mashambani walikaa miaka mingi pasipo uraia wa nchi yo yote. Mwezi wa Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, na majirani na watetezi wao wakafuatana nao. Mwisho wa mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho. Hawakusema ya kuwa walizaliwa na Wadigo. Walisema, sisi ni Wamakonde, nasi tumekaa hapa.

Katika mambo hayo mawili watu walikuwa wengi, wakaonekana. Mzee wetu wa Rutamba au wa Kikwetu yu peke yake, na shida yake haiandikwi na mtu. Kwa hiyo twawaomba walimu walio na watu wa namna hii wavifungue vitabu vyao kabla hawajaulizwa, watoe mwaka wa ubatizo na wa ndoa na majina ya wasimamizi walio hai, maana wasimamizi nao wanazeeka, na shahidi akiisha kufa barua yake haiandikwi tena. Mzee akienda ofisini, asiende peke yake. Na tangazo lake likionekana gazetini, likiuliza kama yuko mwenye neno juu yake, wasomaji wetu wanaomjua wasidhani ya kuwa lawauliza wabaya wake tu.