Shahidi wa Sikio Moja

Mtoto wa miaka miwili anayekohoa hukalishwa mapajani mwa mamake katika hospitali ya kaunti mjini Kitale, fulana ikapandishwa. Daktari huweka stetoskopu mgongoni, akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili, akarudi palepale. Pumzi inapokaribia kujaa huja mlio mwembamba wa kukatikakatika, kama nywele zikisuguliwa kwa vidole karibu na sikio. “Ni nimonia, mama.” Mama hakusikia chochote, ila huchukua karatasi na kwenda kwenye dirisha la dawa.

Ameamini nini? Mlio hakuusikia. Ameamini sikio la mtu mwingine, na imani ya namna hiyo ndiyo dini zimekuwa zikiwadai watu tangu zamani.

Bungoma wanalijua dai hilo. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka hodari aliyelelewa katika kanisa la Friends, alijitangaza nabii wa Wele, jina la Mungu kwa watu wake, na kuwaambia wazungu wafunge virago. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Mwaka 1948 dini yake, Dini ya Msambwa, ikapigwa marufuku, ingawa ilikuwa imeshapenya hadi mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia. Kati ya wanaosikia yasiyosikiwa na wengine, mmoja hupewa koti jeupe, mwingine kitanda cha wodi.

Tofauti yao ni nini? Jibu la haraka ni kwamba watu huweza kupokezana stetoskopu. Ni kweli, lakini nusu. Madaktari wawili wakisikiliza kifua kimoja hutofautiana mara nyingi, na mama akivalishwa kifaa hicho masikioni atasikia mvumo tu. Sikio hufundishwa kwanza, ndipo lisikie. Wanaodhihaki mafunzo ya ubatizo wangetua hapo kidogo. Hata René Laennec, aliyeanza na karatasi iliyoviringishwa mjini Paris mwaka 1816, alipougua kifua kikuu kilichomuua mwaka 1826 ilibidi jamaa yake amsikilize na kumwambia alichosikia.

Tofauti iko kwingine. Shirika la Afya Duniani humtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: kwa mwenye mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40 au zaidi ni dalili mbaya. Hesabu hiyo mama anaweza kuirudia kwa saa ya simu yake, akambishia daktari.

Na Masinde? Wafuasi wake wanaweza kujibu kwamba uthibitisho wao, kama picha ya eksirei kwa daktari, ulitoka Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa. Serikali ya Kenya huru haikushawishika: mwaka 1968 iliipiga marufuku tena dini hiyo.