Mke Ajibuye Badala ya Mumewe

Tuseme yupo mchoraji huko Bugarama, wilayani Ngara, aketiye nyuma ya nyumba yake na rangi zake, naye mhariri wa gazeti moja la Dar es Salaam ataka picha za kupamba hadithi zake. Simu yalia. Mke aipokea. "Mume wangu hayupo," asema. Kumbe mume yupo hatua tano tu kutoka hapo, amenyamaza, brashi mkononi. Bei aitaja mke. Siku ya kupeleka picha aiahirisha mke. Malipo yaliyochelewa ayadai mke. Mhariri akimaliza maongezi hayo, moyoni mwake humwita mama huyu mkali, na mumewe humwita mpole. Je, hiyo ni haki?

Wengi watajibu upesi kwamba hapana kosa, maana mke ni msaidizi wa mumewe. Sisi twaomba wasomaji wetu wasiharakishe.

Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Mwandishi Vladimir Nabokov, Mrusi aliyehamia Marekani mwaka 1940, alimwoa Véra mjini Berlin mwaka 1925. Véra ndiye aliyempigia chapa maandiko yake, ndiye aliyeendesha gari, maana mume hakuendesha, na ndiye aliyewaandikia wachapishaji na wahariri kwa miaka mingi. Barua nyingine mume alizitamka, mke akazitia sahihi. Nabokov alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, tangu mwaka 1948 hata 1959, zilitoka hata barua zenye sahihi ya katibu aitwaye J. G. Smith. Katibu huyo hakupata kuzaliwa: alikuwa ni Véra yule yule! Twakiri kwamba habari hiyo ilituchekesha.

Lakini uongo ni uongo. Mtakatifu Agostino aliukataza wote, hata ule wa kumwokoa mtu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alishika fundisho lilo hilo, ila alipima uzito, kwamba uongo wa kusaidia si sawa na uongo wa kudhuru. Tena hapa hauhitajiwi hata kidogo. Mke aweza kusema, "Mume wangu yumo kazini, na mambo ya fedha husema nami." Maneno hayo ni ya kweli, nayo yana nguvu kuliko "hayupo," kwa sababu tangu siku hiyo mhariri amjua wa kupatana naye.

Hata hivyo, si neno hilo la simu litusumbualo zaidi. Mume apataye mtu wa kukataa badala yake hubaki na sifa ya upole asiyoilipia. Anayeilipia ni mke, ambaye jina lake latajwa kwa ubaya katika ofisi asizopata kuziona. Wala tusiwaonee wachoraji. Wapo wakulima na walimu wafanyao vivyo hivyo. Mwenye kudai akija, baba aingia chumbani, mama atumwa mlangoni.

Bila shaka yupo mke aipendaye kazi hii, tena aiwezaye kuliko mumewe. Huyo asizuiwe kamwe. Ila siku mhariri atakapomlalamikia mume, mume na aseme, "Alilosema mke wangu ndilo nililosema mimi." Akicheka tu na kujibu, "Aa, unawajua wanawake," amemwacha peke yake katika vita aliyomtuma yeye mwenyewe.

Sheria ya nchi yetu imekwisha kufika mahali ambapo mioyo mingi haijafika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ikiwa kupika na kufua ni mchango, sembuse maneno yaliyomfanya mhariri aongeze bei?

Basi fedha zimefika Bugarama, zimeingia katika simu ya mume. Atoka kwenda kuwaona rafiki zake, awaambia kwamba picha yake imenunuliwa vizuri. Picha ni yake kweli. Na hiyo bei nzuri, ni kazi ya nani?