Gitaa Lililochongwa na Kompyuta ni Kazi ya Nani?



Leo tuongee kazi. Si kazi kwa ujumla, kazi moja tu: kutengeneza gitaa la umeme. Wengi wenu mnaopiga kwenye kwaya mnalijua gitaa kwa upande wa mbele, pale penye nyuzi. Hebu twende upande wa nyuma, kwenye mbao na vumbi, maana huko kuna swali ambalo vijana wenye ufundi wanaulizana siku hizi, na sidhani kama ni la mafundi peke yao.

Fundi wa mkono huchora umbo la gitaa kwenye ubao, akakata kwa msumeno, akachimba kwa patasi, akalainisha kwa randa, tupa na msasa. Sasa ipo mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Unachora gitaa lako kwenye programu, unafunga ubao mezani, unabonyeza, na kisu kinazunguka kikifuata namba ulizokipa. Mwili wa gitaa unatoka umekamilika, na shingo pia. Je, hiyo bado ni kazi ya mikono yako? Unaweza kuipeleka mbele ya altare tarehe 1 Mei, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ukasema, Bwana, hii ndiyo kazi yangu?

Wapo wanaojibu haraka kwamba hapana, mashine imeua ufundi. Hao nawaheshimu, ila wanasahau historia ya chombo chenyewe. Leo Fender alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na wala hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 aliingiza sokoni gitaa la umeme ambalo muda si mrefu likaitwa Telecaster, na alilipanga tangu mwanzo kwa ajili ya kiwanda: mwili ni ubao bapa unaokatwa kwa kufuata kigezo, na shingo haikugandishwa kwa gundi bali ilifungwa kwa skrubu 4, ili ikiharibika iondolewe iwekwe nyingine. Kwa hiyo kusema kwamba gitaa la umeme la kweli ni lile lisiloguswa na mashine ni kulipa ukoo ambao halikuwa nao.

Lakini katika kiwanda hichohicho kulikuwa na watu. Miaka ya 1950 mmoja wa waliochonga shingo aliitwa Tadeo Gomez. Alipomaliza shingo aliandika kwa penseli herufi TG kwenye kisigino chake, ile sehemu inayozama ndani ya mwili wa gitaa. Kuanzia mwaka 1956 alikuwepo pia Abigail Ybarra, mama aliyesuka nyaya za pikapu, vile visumaku vinavyopokea mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Leo watu wanaofungua magitaa ya zamani wanazitafuta herufi za mafundi hao kama watu wanaotafuta lulu.

Mimi jambo hili limenikaa moyoni. Jina la Fender liko kwenye kichwa cha gitaa, jukwaani kila mtu analiona. Jina la Tadeo liko mahali ambapo hulioni mpaka ufungue skrubu zote 4. Mnakumbuka Bwana wetu katika Matayo 6 anavyosema habari za Baba aonaye sirini? Huwa tunaisoma Jumatano ya Majivu tukifikiria sala, kufunga na sadaka. Kwa nini tusifikirie na kisigino cha gitaa?

Basi swali langu limebadilika. Sioni faida ya kupima mashine imekata asilimia ngapi na mkono asilimia ngapi. Nauliza: nani yuko tayari kuandika jina lake pale ndani, kwamba hiki kikiwa kibovu niulizwe mimi?

Chukua mfano wa vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, wapigaji wanaviita freti. Kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 hivi kutoka mwanzo wa uzi, ya 12 inakaa nusu kamili, milimita 324, na kila nafasi inapungua kwa uwiano uleule. Ukikosea kidogo tu, sikio linajua. Hapa mashine inamshinda binadamu wa kawaida, tena kwa mbali. Fundi anayeng'ang'ania msumeno ili asifiwe, halafu mnunuzi anabaki na gitaa lisiloshika sauti, huyo anajipenda mwenyewe kuliko jirani yake. Mtakatifu Benedikto kwenye Kanuni yake, sura ya 57, anaagiza kwamba fundi wa monasteri akianza kujivunia ufundi wake, aondolewe kwenye kazi hiyo mpaka anyenyekee. Kali, eti?

Ila mashine nayo ina umaskini wake. Haisiti. Ukiipa kipimo cha mwanzo kibaya, itaharibu ubao mzuri kwa uhakika uleule ambao ingeutengeneza. Haijui kwamba hapa pana kifundo, kwamba hapa nyuzi za mti zimegeuka. Na ubao si plastiki: ukiondoa sehemu moja, iliyobaki inajikunja. Ndiyo maana mafundi wenye busara hukata shingo kwa ukubwa wa ziada, wakaiacha itulie, kisha wakairudia. Na hewa ikikauka, mbao inasinyaa, ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja cha mpigaji. Dawa yake ni tupa ndogo na kidole cha fundi kinachopita freti moja moja, upande huu na upande ule. Kazi hiyo inachosha, na hakuna atakayeisifu. Atakayefaidika ni mtu ambaye pengine hutamwona maisha yako yote. Ukiniuliza upendo kwa jirani unafananaje karakana, nitakuonyesha hapo.

Papa Yohane Paulo II katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, Laborem Exercens, anasema teknolojia ni rafiki wa mtu, lakini inaweza kugeuka karibu kuwa adui yake ikimnyang'anya furaha ya kazi na ubunifu, au ikimfukuza kazini. Sasa hapo kuna mambo mawili ambayo sitaki tuyapite juujuu.

La kwanza ni ulimi. Ukitumia CNC halafu ukamwambia mteja "nimechonga kwa mkono" ili upandishe bei, hiyo ni amri ya nane, hakuna njia ya kuzunguka. Sema: mashine imekata, mimi nimechora, nimemalizia, nimesawazisha. Hilo halipunguzi heshima yako hata kidogo. Kinachoipunguza ni uongo.

La pili ni gumu zaidi. Zile saa ambazo mashine imeziokoa zimekwenda wapi? Tuseme karakana ilikuwa na mwanagenzi aliyekuwa akijifunza kwa kusukuma msasa siku nzima. Mashine imefika, bosi anamwambia nenda nyumbani. Hesabu ya fedha imekaa sawa. Lakini tazama Bezaleli, yule fundi ambaye Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ya hema, pamoja na kuchonga mbao. Katika Kutoka 35 imeandikwa kwamba Mungu alimpa pia moyo wa kufundisha wengine. Kwa hiyo nadhani fundi Mkatoliki anayenunua mashine ana deni kwa yule kijana: amweke mbele ya kompyuta ajifunze kuchora, kisha amrudishe kwenye tupa na freti ajue mbao inavyosema. Itachukua muda, na mwanzoni ataharibu. Wana-VIWAWA wenye karakana, na ninyi mnaofanya kazi chini ya mafundi wengine, lijadilini hili kwenye jumuiya zenu. Na siku yule kijana atakapomaliza shingo yake ya kwanza inayoshika sauti, mpe penseli aandike herufi zake pale kwenye kisigino, kabla hamjakaza skrubu.